Bahari Inayokauka Septemba

Kitabu cha safari mimi sikichagui kwa jalada. Nakitega. Nakifungua mahali ninapopajua kuliko mwandishi wake, nasoma aya tatu, na kikinidanganya hapo nakirudisha kwenye rafu, kwa sababu kitanidanganya pia kule nisikokujua. Njia hiyo sikufundishwa chuoni. Niliigundua mwenyewe, kama nilivyogundua mambo mengi ya maisha yangu, na mpaka siku ile Mwanza ilikuwa haijaniangusha hata mara moja.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana wapo wanaodhani mtu akirudi kwao amerudi kwa kushindwa. Nimezaliwa Kasoli, huku Bariadi, mtoto wa mkulima wa pamba. Misimu miwili nilibeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba ili nipate ada, mgongo ukawa na sugu kama goti. Nikasoma diploma ya utalii na kuongoza wageni, nikaipata kwa kiwango ambacho mkufunzi alikitaja mbele ya darasa zima. Nikafanya kazi pwani miaka mitatu. Nikarudi Bariadi nikaanza upya, nikanunua gari langu mwenyewe, nikafungua ofisi ya safari, ya kwanza yenye kiyoyozi katika mtaa wetu. Diploma nimeitundika ukutani nyuma ya kiti changu, ili mteja akinitazama aione na yenyewe. Watu wakisema najisifu sikatai. Wangebeba marobota yale, nao wangejisifu.

Mke wangu ni muuguzi. Serikali ilimpangia kazi huku akitokea Pangani, na wiki yake ya kwanza Bariadi aliuliza watu tunawezaje kuishi mahali ambapo upepo haunuki kitu. Tangu tumeoana nilikuwa nimemwahidi barabara yote ya pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara, kwa gari, bila haraka. Yeye alikuwa anajua kwao tu na njia ya kwenda Tanga mjini.

"Nimezaliwa baharini na mtu wa Kasoli amenishinda kuiona bahari," alikuwa akiwaambia wenzake kazini, na mimi neno hilo lilikuwa likinishibisha kama chakula.

Mwaka huu likizo yake iliangukia Septemba. Nilimwambia kinyozi, nikawaambia wanakwaya, nikamwambia jirani mpaka akaanza kunikwepa. Kilichobaki ni kitabu. Miaka imepita, vumbi nililolijua limegeuka lami, na nyumba za wageni nilizozijua nyingine sasa ni maghala. Dereva mwenye diploma hasafiri kwa kuuliza uliza njiani. Kingekuwapo kitabu changu mwenyewe nisingehitaji cha mtu, lakini changu kilikuwa kimeoza. Hapo ndipo lazima nimweleze rafiki yangu.

Chuoni tulikaa chumba kimoja miaka miwili, na tulipikia jiko moja la mchina. Alikuwa hodari wa kompyuta kuliko darasa zima, na mimi nilikuwa hodari wa mengine yote. Tulipomaliza tukaajiriwa pamoja kwenye kampuni ndogo ya safari Dar es Salaam. Yeye akawekwa ofisini, kupokea simu na kupanga vyumba. Mimi nikapewa gari na barabara ya pwani. Aliniita Ngosha, kama watu wa kote wanavyomwita mwanaume wa Kisukuma, na mimi nilimwita kaka.

Nilikuwa na kaunta buku, daftari nene la kwaya tatu, jalada gumu, mgongo mwekundu. Kila safari niliandika. Mgeni akae upande gani wa gari ili aione bahari mapema. Wapi mchanga unameza tairi. Wapi kuna kivuli cha kuegesha. Mama gani anapika pweza asiyekuwa kama mkanda wa suruali. Niliandika kwa wino, mwandiko wa kulala, na sikukata neno hata moja. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa anachapa viganja kwa kila neno lililokatwa, na mkono wangu haukusahau. Nikikosea naacha lilivyo, nasahihisha kurasa za mbele huko.

Tulikubaliana kitatoka kitabu, majina mawili juu ya jalada, langu kwanza. Mimi maarifa, yeye kuchapa. Baba alipougua ikanibidi nirudi Kasoli, nikamwachia kaunta buku.

"Kuna mahali pa kusahihisha," nilimwambia. "Usikipeleke popote mpaka tukae tupitie pamoja."

"Tutapitia pamoja, Ngosha. Nenda kamwangalie mzee."

Masika iliyofuata akanipigia simu. Maji yalikuwa yameingia chumbani kwake, kaunta buku limelowa, kurasa zimeshikana kama kiporo cha ugali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Nilimfariji mimi. Nilimwambia daftari ni karatasi tu, ashukuru yuko hai. Na kwa sababu alisema hata chakula kimeharibika, nilipakia kwenye basi magunia mawili ya mchele wetu, ule wa majaruba ya nyumbani ambao hatuuuzi. Mama yangu, ambaye hata Shinyanga alikuwa hajafika, aliyachekecha yote mawili kwa mkono wake asije rafiki yangu akauma jiwe.

Baba alipokwisha kufariki nikabaki. Nilipooa, rafiki yangu alisafiri kutoka Dar mpaka Bariadi kuwa msimamizi wangu, kwa suti ya rangi moja na yangu. Mama akamwita mwanangu. Siku ile ile ya harusi mama aliniuliza kwa Kisukuma kile kitabu kilifikia wapi, nami nikamjibu kimeozea kwenye maji.

"Pole," alisema. "Utaandika kingine."

Sikuandika kingine.

Basi Mwanza. Nilikuwa nimekwenda kufuata vipuri, nikaingia duka la vitabu nikakuta vitatu vya ukanda wa pwani. Cha kwanza kilikuwa kinene, cha Kiingereza, kimeandikwa na wageni. Kiingereza hakinisumbui. Nikakitega pale ninapotegea siku zote, barabara ya Tanga kwenda Pangani. Kilisema mji umelala na hauna pa kula. Aliyeandika hivyo aliuona kwa dirisha la basi akipita. Nikakirudisha. Cha pili kilikuwa picha tupu na matangazo ya hoteli, na magofu ya Tongoni kiliyaweka mkono wa kulia unapotoka Tanga. Mkono wa kulia kuna mashamba ya watu. Nikakirudisha hicho nacho.

Cha tatu kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, picha ya barabara na minazi juu ya jalada, hakuna jina la mtu. Nikakifungua. *Ukitoka Tanga, mgeni akae kushoto. Bahari itamjia yeye kabla ya dereva.* Kweli. *Kwenye pantoni zima gari ushuke. Madafu mazuri yako ng'ambo ya pili, si hii.* Kweli kabisa, siku hizo tukivuka kwa pantoni. Nikaruka mpaka Kilwa: *Boti usiiulize barabarani, teremka mpaka gatini ukamuulize mwenye nayo.* Nikasimama pale dukani nywele zimenisisimka kwa furaha. Hatimaye mtu aliyekuwa ameiona pwani kama nilivyoiona mimi.

"Huyu aliyeandika hiki amesoma," nikamwambia muuzaji.

"Kinatoka sana hicho, mzee. Watu wa pwani waliohamia huku wanakinunua, tena wanacheka."

"Wanachekea nini?"

"Sijui. Mimi nauza tu."

Nikalipa nikaondoka, na njia nzima ya kurudi Bariadi nilikuwa namsifu mwandishi nisiyemjua. Mtego wangu ulikuwa umefanya kazi kuliko siku zote. Sikujua kwamba siku hiyo nilikuwa nasahihisha mtihani wangu mwenyewe na kujipa alama zote.

Jumamosi mchana nilikuwa uani nakagua gari, mke wangu kaketi kibarazani miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma kwa sauti. Ilikuwa saa nzuri. Yeye anasoma, mimi nafungua nati na kuongezea.

"Anasema tulale Tanga siku mbili."

"Mbili zinatosha. Ana akili."

"Anasema pweza wa karibu na stendi ya zamani."

"Huyo mama nilikuwa mteja wake mimi."

"Kila kitu wewe ulikuwa mteja." Akafunua ukurasa. Akasoma kimya kidogo, kisha nikamsikia ameanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima mpaka ndoo ikamponyoka miguuni.

"Nini?"

"Subiri. Subiri nipumue. Sikiliza huyu anavyotuandika kwetu." Akapangusa macho kwa kanga. "*Kusini ya Pangani bahari hukauka kuanzia mwezi wa Septemba, kama lambo. Msafiri anayetaka kuona maji na aje wakati wa masika.*"

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu la nyuma. Sikuinuka.

"Bahari imekauka, mume wangu. Kama lambo la ng'ombe. Huyu si mtu wa pwani huyu. Huyu ni wa kwenu. Tena Msukuma halisi, maana nani mwingine anaiona bahari anakumbuka ng'ombe? Alifika asubuhi maji yamekupwa, akatazama, akasema aa, kiangazi." Akacheka tena. "Jioni ya siku ile ile maji yamejaa mpaka kwenye minazi, mwenyewe ameshaondoka zake. Na kuna mtu amekubali akachapa."

Kati ya kwetu na kwao kuna utani wa tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani, na siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilicheka. Nilicheka pamoja naye, kicheko kifupi, huku nimeshika spana.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza kabisa, nikiwa na wageni wawili wazee. Nilikuwa sijawahi kuona bahari isipokuwa kwa mbali, Dar es Salaam, kutoka dirishani. Tukafika ufukweni asubuhi, na bahari haikuwapo. Kulikuwa na matope yanayong'aa, vyombo vimelala kwa ubavu, na wanawake wadogo kwa umbali wameinama wanaokota vitu. Huku kwetu mto Simiyu miezi kadhaa ni mchanga mtupu. Tunachimba kwenye mchanga huo kunywesha ng'ombe, na hakuna anayeshangaa, tunajua mvua itaurudisha. Nikahesabu miezi: Septemba. Nikaelewa. Nikawaeleza na wale wageni, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu mwenye diploma. Tukaondoka kabla ya saa sita, na jioni nikaandika kwenye kaunta buku. Miezi miwili baadaye niliegesha gari pale pale kwenye mchanga mkavu nikaenda kula, nikarudi nikakuta maji yamefika kwenye mhimili. Sikumwambia mtu, na kwa aibu hata kurasa za mbele sikusahihisha. Sentensi ile sikuikata, maana mimi sikati. Ndiyo niliyomwambia rafiki yangu tutaipitia pamoja.

"Sentensi inayofuata," nilimwambia mke wangu bado nimeinama, "inasema vyombo vya wavuvi hulala kwa ubavu kama ng'ombe waliocheua wakachoka."

Nikasikia kidole chake kinapita kwenye karatasi.

"Ulikisoma Mwanza."

"Sikufika ukurasa huo. Funua wa pili. Juu kabisa anasema Mkwaja dereva apunguze upepo wa tairi, na asione aibu kuomba wanakijiji wasukume. Halafu anasema wazee wa pale hawapendi kupigiwa honi."

Akafunua. Akasoma. Alipoinua uso hakuwa anacheka tena.

"Hiki ni cha kwako," akasema.

Nilinawa mikono nikaja kukaa naye. Tukatafuta jina la mtu. Kurasa za shukrani mimi huwa naziruka, naona ni za watu wasio na la kusema, lakini siku hiyo tulikwenda mpaka wa mwisho, na pale chini kwa herufi ndogo kama za kwenye paketi ya dawa lilikuwapo jina la mwandishi. Juu yake alimshukuru mkewe. Alimshukuru mkurugenzi wake. Alimshukuru Mungu. Mstari wa mwisho ulisema: *na madereva wote wa zamani.*

"Huyu si yule wa suti kama yako?" mke wangu akauliza.

"Ndiye."

"Aliyekula mchele."

"Ndiye."

Madereva wote wa zamani. Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Angeniacha kabisa ningeweza kujiambia kwamba amenisahau. Lakini alinikumbuka, akaketi akafikiri anitie wapi, akanitia humo, kwenye wingi, bila diploma.

Nilimpigia alasiri hiyo hiyo. Mke wangu akanitaka niweke spika.

"Mwadila, Ngosha," alijibu, kwa ile salamu yetu ya mchana niliyomfundisha mimi. "Nimekumisi. Mayu hajambo?"

"Mama hajambo. Nina kitabu chako mkononi."

Sauti yake ikawa ya ofisini. "Ah, kile. Kitu kidogo tu. Nilikuwa nataka nikutumie nakala."

"Kaunta buku lilioza."

"Lilioza kweli. Ila nilikuwa nimeshaanza kulichapa kabla ya maji."

"Ulichapa mpaka wapi?"

"Sikumbuki, Ngosha. Ni zamani."

"Mpaka Mtwara, kaka. Umechapa mpaka Mtwara."

"Sikiliza. Barabara ni ya serikali. Pantoni ni la serikali. Mtu yeyote akipita pale ataandika hivyo hivyo, kwani kuna mwenye hati ya barabara?"

"Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote."

"Ukurasa wa arobaini na moja," nikasema.

Nilisikia anafunga mlango upande wa kule.

"Ile sentensi imenitesa," alisema polepole. "Unajua watu wameniandikia barua? Redioni wameniita, nimekwenda na tai yangu, nadhani nakwenda kusifiwa, mtangazaji ananiuliza mbele ya nchi nzima bahari ikikauka samaki wanahamia wapi. Ngosha, wewe ndiye uliyeandika. Nilikuamini. Uliniambia kila kitu umekiona kwa macho yako."

"Nilikuambia tupitie pamoja."

"Hukusema ukurasa gani."

"Ungekwenda mwenyewe mara moja ungeujua."

Aliliruka hilo, na hapo nikajua. Maisha yake yote alikuwa hajafika kusini ya Pangani. Ameandika pwani nzima akiwa amekaa kitini, kwa miguu yangu.

"Hata hivyo imekwisha," akasema. "Toleo jipya liko kiwandani, nimeifuta. Na kama ni jina, nitakuweka kwenye shukrani, jina lako kamili. Tusigombane kwa karatasi. Wewe mwenyewe ulisema daftari ni karatasi tu."

"Nilisema hivyo nikikufariji."

"Sasa unataka nini? Uende kwa wanasheria? Utaonyesha nini? Huna hata ukurasa mmoja wa mwandiko wako."

Simu ilipokatika mke wangu alikuwa bado amekishika kitabu, kidole ndani yake.

"Cha kuonyesha unacho," alisema. "Ni hiki hapa. Kabla hajakifuta."

Nilimwelewa, na ndiyo sababu nilimkasirikia siku nne. Kudai kitabu changu ilinibidi nisimame mbele za watu niseme, mimi, mwongoza wageni mwenye diploma, ndiye niliyedhani bahari ni lambo. Mazuri yote ya kitabu yule angeweza kusema ni ya kila mtu. Kosa tu ndilo lilikuwa na mwenyewe. Nikafikiria ofisini kwangu, walimu na maafisa wa kutoka pwani wanaokuja kukata tiketi, diploma iko juu ya kichwa changu na wao wanaangaliana. Nikaanza kusema safari tuiahirishe, gari lina mlio.

"Gari halina mlio," mke wangu alisema. "Mimi naenda kwetu. Wewe baki uilinde diploma isiibiwe na yenyewe."

Tukaondoka. Maswa, Shinyanga, Singida, Dodoma tukalala, Korogwe, Tanga. Kitabu kilikuwa kwenye droo ya gari na sikukitoa. Nilimwambia akae kushoto, na bahari ikamjia yeye kwanza, nikaona uso wake, na hata furaha hiyo niliionja nusu, kwa sababu ilikuwa imeshachapwa na mtu mwingine.

Kwao tulifikia kwa mjomba wake, fundi wa vyombo mstaafu, mtu wa maneno. Asubuhi ya pili alitupeleka ufukwe wa kusini alikokuwa anafanyia kazi zamani, na ndugu wengine wanne watano wakafuatana nasi. Tulipotokea kwenye minazi, bahari haikuwapo. Matope yanang'aa, vyombo vimelala kwa ubavu, wanawake wadogo wameinama kule mbali. Kila kitu mahali pake kama nilivyokiacha.

"Mkwe," mjomba alisema, "umekuja mwezi mbaya. Huu ni Septemba." Wenzake wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Hujasoma? Kuna bwana mmoja ameandika kitabu, anasema mwezi huu hapa panakauka. Kama lambo. Kipo nyumbani, tunakisoma tukiwa na huzuni. Binamu yake huyu mkeo anaujua ukurasa ule kwa moyo kama sala."

"Mtu wa bara huyo," mmoja akasema.

"Si kidogo. Huyo amekulia mkiani mwa ng'ombe."

Mke wangu hakucheka. Hakunitazama pia. Alikuwa anatazama kule kwa wale wanawake, amejifunga kanga kifuani, na nikajua hatasema neno, si siku ile wala siku yoyote, na kwamba nikinyamaza tutaendelea vizuri tu mpaka Mtwara, na mwakani kitabu kitatoka kimesafishwa, na mimi nitakuwa miongoni mwa madereva wote wa zamani.

"Niliandika mimi," nikasema.

Mjomba akanigeukia akitabasamu bado, akisubiri mwisho wa mzaha.

"Sentensi hiyo ni yangu. Nilisimama hapo penye mnazi uliopinda, miaka kumi iliyopita, na wageni wawili. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Kwetu mto ukikauka haurudi jioni. Nikadhani na huku ni hivyo hivyo. Kitabu chote ni changu, rafiki yangu alikitoa kwa jina lake. Ila sentensi hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiandika."

Walicheka. Sitasema hawakucheka. Mmoja alilazimika kukaa chini kwenye mchanga. Mimi nilisimama tu na uso wangu ukiwaka, mtu wa diploma, na nikawaacha wamalize. Mjomba alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alinitazama kwa makini, kama anavyotazama ubao kuona umenyooka wapi.

"Mnacheka," aliwaambia, "lakini nani hapa anaweza kuja mbele ya wakwe akajitwika ujinga kama huu na si wake?" Wakatulia. "Mtu huiba sifa. Kosa haliibi mtu. Kitabu ni chake." Akanishika mkono. "Kwa hiyo na yale ya pantoni, na ya madafu, na ya wazee wa Mkwaja kutopenda honi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yale ni kweli tupu. Siku zote tulikuwa tunajiuliza, bwana huyu amejuaje mengi hivi halafu jambo la mtoto mdogo likamshinda."

Tuliporudi nyumbani alikitoa kitabu chake juu ya kabati, kimechakaa, kinafunguka chenyewe ukurasa wa arobaini na moja. Akatafuta kalamu, akaijaribu kwenye kiganja, akanipa, akawaita na majirani waje wamwone mwandishi.

Yule msimamizi wangu hajanipigia mpaka leo, na mimi sijamsamehe, wala mama bado hajui mchele wake aliupeleka kwa mtu wa namna gani. Toleo jipya nimesikia limetoka, safi. Lakini nakala ile ya Pangani naijua ilipo. Nilisimama mlangoni kwa mjomba, majirani wakinichungulia begani na kuchekeana, kalamu mkononi, na chini ya sentensi ile nikaandika jina langu lote, kwa mwandiko wa kulala. Mjomba aliniambia kama nataka niikate, sasa ndiyo nafasi.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi sikati."